Sura ya 6: Si Aibuke Tu?

Mara ya kwanza kuona filamu ya pango la majini nilikuwa kwenye kibanda umiza, nimebanwa katikati ya benchi, mbele yetu runinga moja na nyuma yetu feni isiyotosha. Filamu ilikuwa Sanctum. Kwenye skrini mtu amekwama katika mwanya wa jiwe, mtungi wa hewa unagonga mwamba, mapovu yanamtoka kwa fujo. Kijana aliyekaa nyuma yangu akashindwa kuvumilia. "Sasa huyu naye," akasema kwa sauti, "si aibuke tu?"

Hakuna aliyemjibu. Mtafsiri wa filamu mwenyewe, ambaye kwa kawaida hakosi neno, alikaa kimya mpaka tukio likapita.

Swali lile nimelisikia mara nyingi tangu siku hiyo. Nililisikia kwenye daladala mwaka 2018, redio iliposoma habari za wavulana wa Thailand waliozingirwa na maji pangoni. Nimelisikia kwa mwalimu, kwa fundi cherehani, na kwa mpwa wangu ambaye huogelea kuliko sisi sote. Ni swali zuri kuliko linavyosikika. Anayeweza kulijibu vizuri ameeleza karibu kila kitu kuhusu kuzamia mapangoni: utamu wake, hatari zake, na sababu ya filamu nyingi kushindwa kuuonyesha mchezo huu ulivyo.

Jibu fupi ni kwamba hawezi kuibuka kwa sababu juu ya kichwa chake hakuna anga. Kuna dari ya mwamba.

Bahari ina mlango kila mahali

Katika sura hii, mpiga mbizi ni mtu anayezama akiwa amebeba hewa yake mwenyewe kwenye mtungi, akiivuta kwa mdomo kupitia mpira. Akiwa bahari ya wazi, mlango wa kutokea uko juu yake popote alipo. Hewa ikianza kumwishia, anapanda. Miwani ikijaa maji, anapanda. Wavuvi wetu wa pwani wanaozamia pweza na kamba wanalijua hili bila kufundishwa: mambo yakiharibika, elekea kwenye mwanga.

Pangoni mlango ni mmoja, nao ni ule ulioingilia. Ukiwa umeogelea mita 300 ndani, basi hewa yako ya karibu zaidi iko mita 300 nyuma yako, baada ya kona zote ulizopita. Tatizo lolote, liwe dogo au kubwa, ni lazima ulitatue hapo hapo chini ya maji kisha usafiri nalo kurudi.

Mapango yenyewe yametengenezwa na maji. Mvua hunyesha, maji yake yenye tindikali kidogo hupenya kwenye mawe ya chokaa na kuyayeyusha polepole kwa maelfu ya miaka, mpaka chini ya ardhi kukawa na vyumba na njia kama nyumba isiyo na madirisha. Zamani za barafu, bahari ilipokuwa chini sana kuliko leo, mengi ya mapango hayo yalikuwa makavu. Tunajua hivyo kwa sababu ndani yake mna nguzo za chokaa zilizoning'inia kutoka darini, na nguzo za namna hiyo hujengeka tone kwa tone hewani tu, kamwe si ndani ya maji. Bahari ilipopanda, vyumba vikafurika na nguzo zikabaki.

Wenzetu wa Unguja hawahitaji kwenda mbali kuelewa. Anayeteremka kwenye Pango la Kuza, Jambiani, anakuta dimbwi la maji baridi na maangavu chini ya paa la jiwe la matumbawe. Asimame pale atazame sehemu ambayo maji yanaingia gizani chini ya ukuta. Wapiga mbizi wa mapangoni ni watu wanaotazama sehemu kama ile na kutaka kujua inaenda wapi.

Tope kabla ya papa

Fanya jaribio dogo. Chota maji ya mtoni kwenye ndoo, yaache usiku kucha. Asubuhi utayakuta yametulia, angavu, na chini kuna utando laini kama unga wa muhogo. Sasa ingiza mkono na utikise vidole mara moja tu karibu na kitako cha ndoo. Huoni tena vidole vyako.

Sakafu ya pango la majini iko hivyo. Hakuna mawimbi wala upepo, kwa hiyo tope limetua kwa miaka mingi bila kuguswa. Mpiga mbizi akipiga teke moja vibaya kwa mapezi aliyovaa miguuni, chumba ambacho alikuwa akikiona mwisho hadi mwisho hugeuka uji. Tochi haisaidii, inamulika tope na kumrudishia mwanga usoni. Tope hilo linaweza kuchukua saa kadhaa kutua tena. Hewa aliyobeba haina saa kadhaa.

Hapo ndipo watu wengi wamekufa mapangoni: mita chache kutoka kwenye njia waliyoijua, tochi zinawaka, hawaoni kitu.

Kinga yake ni uzi. Naam, uzi: kamba nyembamba ya nailoni inayofunguliwa kutoka kwenye gurudumu la mkononi, ikafungwa mlangoni penye mwanga na kuendelea kufungwa kwenye mawe njia nzima. Juu yake hubanwa vishale vidogo vya plastiki vinavyoelekea nje. Wakati wa giza mpiga mbizi huuzungushia uzi kidole gumba na cha shahada, kama anayeshika shanga za tasbihi, na kutambaa nao. Akifika kwenye kishale anakipapasa kujua ncha iko upande gani. Anasoma njia kwa vidole.

Filamu haipendi uzi. Ni mwembamba mno, hauonekani vizuri kwenye skrini, na mtu anayetambaa polepole ndani ya maji machafu hana sura ya kuuza tiketi.

Hesabu ya bodaboda

Mtungi wa kawaida wenye ujazo wa lita 12, ukishindiliwa hewa hadi mara 200 ya mgandamizo wa kawaida, unabeba lita 2,400 za hewa. Mtu anayeogelea kwa utulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika. Gawanya: ni saa mbili. Inatosha, sivyo?

Haitoshi, kwa sababu maji yana uzito. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakugandamiza kwa kiasi kingine sawa na uzito wote wa hewa uliopo juu yetu hapa nchi kavu. Ili mapafu yafunguke dhidi ya mgandamizo huo, inabidi yavute hewa iliyoshindiliwa vivyo hivyo. Kwenye kina cha mita 10 kila pumzi inakula hewa mara mbili, kwenye mita 30 mara nne. Zile saa mbili zimekuwa dakika 30. Ongeza hofu, moyo uende mbio, pumzi ziwe fupifupi za kuhema, na dakika 30 zinakuwa 15.

Sasa mfikirie mwendesha bodaboda anayepeleka abiria kijiji kisicho na kituo cha mafuta. Akitumia nusu ya tangi kwenda, anaamini nusu iliyobaki itamrudisha. Lakini akipotea njia mara moja, au akikuta mwenzake amekwama bila mafuta na inabidi wagawane, wote wawili watalala porini. Mwenye busara anageuza mapema zaidi. Wapiga mbizi wa mapangoni wanatumia kanuni ya theluthi: theluthi ya hewa kwenda, theluthi kurudi, na theluthi haiguswi, ni ya dharura yako au ya mwenzako. Kwa hesabu yetu ya juu, mtu mwenye mtungi mmoja kwenye mita 30 ana dakika 10 tu za kwenda mbele. Ndiyo maana utawaona wakibeba mitungi miwili, minne, hata zaidi.

Aliyeziweka kanuni hizi pamoja alikuwa Mmarekani mmoja, Sheck Exley, mwalimu wa hisabati wa sekondari huko Florida. Alichoka kusikia habari za vifo, akaanza kuchambua ajali moja baada ya nyingine, akiuliza kila maiti kosa lilikuwa wapi. Mwaka 1979 akayachapisha aliyoyaona katika kitabu kidogo. Mpaka leo wanafunzi wa mchezo huu wanafundishwa mambo matano ambayo mengi yake yametokana na kazi yake:

- Usiingie bila mafunzo ya mapangoni. Mafunzo ya bahari ya wazi hayatoshi.
- Uwe na uzi usiokatika kutoka mlangoni hadi ulipo.
- Acha theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kutoka.
- Usizidi kina ambacho gesi unayovuta na mafunzo yako vinakiruhusu.
- Beba taa tatu.

Sitapita hapa bila kusema kwamba Exley mwenyewe alifia majini. Ilikuwa Aprili 1994, kwenye shimo la Zacatón, Mexico, alipokuwa akijaribu kufika chini kabisa. Alikuwa na miaka 45. Mtu aliyeandika kanuni za kuwaokoa wengine alikwenda mahali ambapo kanuni zilikuwa bado hazijaandikwa.

*Kwa ufupi:* pango la majini huua kwa vitu visivyo na kelele. Dari, tope, uzi uliopotea, hesabu ya hewa iliyokosewa.

Majoka ya Hollywood

Watengeneza filamu wakikabidhiwa hatari za kimya namna hii hutafuta kitu chenye meno. Mwaka 2005 ilitoka The Cave, hadithi ya wapiga mbizi walioingia pango la Romania na kukuta viumbe vinavyokula watu. Mwaka 2019 ikaja 47 Meters Down: Uncaged, wasichana wanne ndani ya mji wa Wamaya uliozama, wakifukuzwa na papa vipofu. Hizi ndizo zinazojaa vibandani, na siwalaumu wanaozipenda. Mimi mwenyewe nimeruka kwenye benchi.

Kinachonisikitisha ni hiki. Katika The Cave, picha za chini ya maji zilisimamiwa na Wes Skiles, mmoja wa wapiga picha bora wa mapangoni waliopata kuishi, mtu aliyetumia maisha yake kuwaonyesha watu wa Florida kwamba maji wanayokunywa yanapita kwenye mapango chini ya nyumba zao. Ondoa majoka, tazama tu jinsi mwanga unavyopita ndani ya maji yale, utaona filamu nyingine nzuri zaidi imejificha humo. Skiles alifariki Julai 2010 akiwa kazini, katika bahari ya Florida, siku alipokuwa akipiga picha.

Turudi kwa Sanctum, ile ya kibandani. Ilitoka Februari 2011, mtayarishaji mkuu akiwa James Cameron, yule wa Titanic. Mwandishi mwenza, Mwaustralia Andrew Wight, alichota kutoka kwenye maisha yake. Mwaka 1988 aliongoza msafara kwenye pango la Pannikin Plains, katika uwanda mkavu wa Nullarbor, Australia. Dhoruba isiyotarajiwa ikaporomosha mlango na kuwafungia watu zaidi ya kumi ndani. Wakatafuta upenyo mwingine kati ya mawe, na wote wakatoka hai.

Wote. Katika filamu pango limehamishiwa Papua New Guinea, na wahusika wanakufa mmoja mmoja hadi abaki mmoja. Naelewa kwa nini: watu waliotulia, wakashirikiana na kutoka salama hawaonekani kuwa na hadithi. Lakini hadithi iliyokuwepo ndiyo adimu, na kama ningepewa nafasi ya kuchagua, ningelipia kuiona hiyo.

Kuna jambo jingine kuhusu filamu hii ambalo pale kibandani hatukulijua. Miongoni mwa waliozama badala ya waigizaji, kwenye matukio ya hatari, alikuwamo Agnes Milowka, msichana wa Kiaustralia mzaliwa wa Poland, mpiga mbizi hodari aliyekuwa akigundua njia mpya za mapangoni. Ndani ya studio alikuwa na waokoaji pembeni, mitungi ya akiba, na dari ya kuigiza. Tarehe 27 Februari 2011, filamu ikiwa haijamaliza hata mwezi kwenye majumba ya sinema, aliingia kwenye Tank Cave, pango la kweli huko Australia Kusini, akasonga mbele kwenye mwanya mwembamba, na hewa ikamwishia. Alikuwa na miaka 29. Kila ninapoitazama Sanctum sasa namtafuta yeye, na najua kwamba sehemu ambazo mwili ule unateleza kati ya mawe kwa wepesi usioelezeka, huenda ni yeye.

Mvulana aliyelala na waya wa umeme

Tukio lililoifanya dunia nzima iulize swali la sura hii lilianza tarehe 23 Juni 2018. Wavulana 12 wa timu ya mpira, wa miaka 11 hadi 16, pamoja na kocha wao msaidizi, waliingia pango la Tham Luang kaskazini mwa Thailand baada ya mazoezi. Mvua ikanyesha, njia nyuma yao ikajaa maji. Usiku wa Julai 2 wapiga mbizi wawili wa Uingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliibuka kwenye chumba kimoja cha mbali na kuwamulika, wote 13, wamekaa juu ya kichuguu cha matope. Video ile fupi ya tochi ikitembea kwenye nyuso zilizokonda iliiliza dunia.

Kuwaona ilikuwa nusu ya kazi. Tarehe 6 Julai Saman Kunan, aliyewahi kuwa askari wa kikosi maalumu cha jeshi la majini la Thailand na aliyejitolea kurudi kusaidia, alikufa akitoka kupanga mitungi ya hewa njiani. Kama mwanajeshi aliyezoezwa anakufa kwenye njia ile, mtoto asiyewahi kuvaa miwani ya kuzamia ataitokaje?

Uamuzi uliofikiwa hadi leo unanisisimua mwili. Daktari wa usingizi kutoka Australia, Richard Harris, ambaye naye ni mpiga mbizi wa mapangoni, aliwalaza kwa dawa. Walivalishwa vinyago vya hewa vinavyofunika uso mzima, mikono ikafungwa nyuma ili wakizinduka wasivivute, kisha kila mmoja akabebwa na mpiga mbizi mmoja kama mzigo hai. Sababu ni ile ile tuliyoisema: hofu. Mtoto mmoja akipapatika gizani anaweza kujiua mwenyewe na anayembeba. Kwa siku tatu, Julai 8 hadi 10, wote 13 walitoka hai.

Filamu mbili zimelisimulia tukio hilo vizuri. The Rescue ya mwaka 2021 ni ya matukio halisi; waongozaji wake, Elizabeth Chai Vasarhelyi na Jimmy Chin, walipata zaidi ya saa 80 za picha zilizopigwa na wanajeshi wa Thailand. Ndani ya maji yale machafu hapakuwa na kamera inayoweza kuona chochote, kwa hiyo waliwaita wapiga mbizi wenyewe, wakawaingiza kwenye tangi la studio, na kuwataka warudie walichofanya. Mwaka uliofuata Ron Howard akatoa Thirteen Lives, ya kuigiza, Viggo Mortensen akiwa Stanton na Colin Farrell akiwa Volanthen. Waigizaji hao walizama wenyewe kwenye mapango ya kutengenezwa huko Queensland, na Farrell amesimulia jinsi hofu ilivyomshika humo, ingawa alijua waokoaji wako hatua chache.

Kuna dakika moja ninayomwomba kila mtu aitafute. Siku ya mwisho Chris Jewell, mpiga mbizi wa Uingereza, anamtoa mvulana aliyelala. Mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine umeshika kamba. Maji ni kahawia, haoni kiganja chake. Ghafla kamba inamponyoka. Anasimama pale pale. Anapapasa polepole, huku na huku, bila kumwachia mtoto, mpaka vidole vinagusa kitu. Ni waya wa umeme. Anaufuata, hajui unaenda wapi, na unamrudisha kwenye chumba alichokwisha kukipita. Hapo Dk. Harris anampokea mtoto na kuendelea naye.

Hakuna papa katika dakika ile, wala mwamba unaoporomoka. Kuna mtu anayepumua polepole kwa makusudi. Hicho ndicho kitu chenyewe, na hii ni moja ya mara chache ambazo sinema imekikamata.

Kamera kichwani mwa Dave Shaw

Hadithi ya mwisho ni ya barani kwetu. Boesmansgat ni shimo lenye maji katika jimbo la Northern Cape, Afrika Kusini. Juu ni kama dimbwi la kunyweshea mifugo. Chini linapanuka na kushuka zaidi ya mita 270. Desemba 1994 kijana wa miaka 20 alizama humo na hakurudi. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2004, rubani wa ndege kutoka Australia, Dave Shaw, alifika chini kwenye mita 270 na kuuona mwili wa kijana huyo. Akawaahidi wazazi kwamba atawaletea mtoto wao.

Wako watakaouliza kwa nini mtu mzima ahatarishe roho kwa ajili ya maiti. Mtu wa Pwani hatauliza. Septemba 2019 gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, likiwa na mama na binti yake, familia ilisubiri karibu wiki mbili hadi likapatikana na kutolewa. Aliyefuatilia siku zile anajua kwamba msiba usio na mwili hauna siku ya kuanuliwa.

Tarehe 8 Januari 2005 Shaw alirudi na mfuko wa kuutia mwili. Kichwani alivaa kofia yenye kamera, kwa kuwa safari ile ilikuwa ikirekodiwa. Kwa kawaida, akihitaji mikono yote miwili, aliuzungusha waya wa taa yake nyuma ya shingo. Siku hiyo kofia ya kamera ilimzuia, akaiweka taa pembeni. Alitarajia mwili utakaa chini. Badala yake ukalegea na kuanza kuelea. Akahangaika nao, na kamba zikajisokota kwenye taa.

Hapa inabidi nieleze kilichomuua, kwani filamu hukiruka. Kwenye kina kile gesi unayovuta imeshindiliwa hadi inakuwa nzito, na kupumua ni kama kunywa uji mzito kwa mrija. Kuingiza oksijeni si shida. Shida ni kutoa hewa ukaa, ile taka ya pumzi ambayo mwili hutengeneza zaidi kila unapofanya kazi. Ukijitahidi, hewa ukaa inajaa; ikijaa, unahema; ukihema kwenye gesi nzito unajichosha zaidi na kuitengeneza zaidi. Kamera ilirekodi pumzi zake zikienda kasi na kasi, mpaka zikakoma.

Rafiki yake Don Shirley, aliyekuwa ashuke kukutana naye njiani, aliona mwanga wa taa chini kabisa, hausogei. Kifaa chake mwenyewe kikapasuka kwa mgandamizo. Kupanda hakuwezi kuharakishwa: gesi iliyojipenyeza mwilini inataka muda wa kutoka, la sivyo inatoa povu ndani ya damu kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla. Povu moja lilimwingia Shirley sikio la ndani, dunia ikamzunguka, akawa akitapika chini ya maji. Alikaa humo zaidi ya saa 12. Kwenye kibao cha kuandikia majini aliwaandikia wa juu kwamba Dave harudi, na maneno hayo ndiyo yaliyokuwa jina la filamu ya matukio halisi ya mwaka 2020, Dave Not Coming Back.

Siku nne baadaye, timu ilipokuwa ikivuta kamba kukusanya vifaa, miili miwili ilipanda pamoja.

Nimeitazama filamu hiyo mara mbili na nimejiuliza kama ilikuwa haki kuitengeneza. Naamini ilikuwa haki. Inamwonyesha mke, marafiki, maandalizi, mikono inayofunga vifundo, na haimgeuzi marehemu kuwa burudani. Lakini pia siwezi kusahau kwamba kofia ile ya kamera ilikuwa na sehemu yake. Anayepiga picha pangoni amejiongezea mzigo, kazi ya mikono na kitu cha kufikiria, mahali ambapo akili inahitajika yote.

Basi wanafuata nini humo?

Wanafuata kitu ambacho kamera haikibebi kikamilifu. Kwenye mapango ya Yucatán, Mexico, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi, na pale yanapokutana hutetemeka kama hewa juu ya lami wakati wa jua kali. Mpiga mbizi anapita katikati na kuona mwili wake mwenyewe ukiyumba. Mwaka 2007 wapiga mbizi waliingia shimo liitwalo Hoyo Negro kwenye rasi hiyo hiyo, wakakuta chini mifupa ya wanyama wasiokuwepo tena duniani, na kati yao fuvu la msichana aliyeishi miaka kama 13,000 iliyopita. Alianguka humo pango likiwa kavu. Ni moja ya mabaki kamili ya kale zaidi ya binadamu katika mabara yote mawili ya Amerika, na bila watu wenye uzi na taa tatu asingejulikana.

Nawaheshimu watu hao. Vilevile nimeona jinsi picha zao, zikikatwa na kutiwa muziki kwa dakika moja ya simu, zinavyomfanya kijana anayejua kuogelea vizuri tu aamini kwamba pango ni bwawa lenye paa. Ukitazama filamu hizi, sikiliza pumzi kuliko muziki, na utafute uzi. Ukiona mtu hana uzi, hiyo ni ya kuigiza, au ni ya mtu anayekaribia kufa.

Na ukifika Kuza, au pango lolote lenye maji huku kwetu, furahia maji yale, waite na watoto. Kaeni upande unaoonekana mlango. Mwanga ukianza kubaki nyuma yenu, geukeni.